Limbuko la Matembele

Jirani yangu wa ua kwa ua, hapa Vitongoji, amefariki dunia. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa napalilia bamia, nikasikia kilio upande wake, na kabla sijaweka jembe chini nilishajua. Simtaji jina. Waliomjua hawahitaji kutajiwa, na asiyemjua atosheke kwamba alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na bustani nzuri kuliko yangu. Sentensi hiyo nimeiandika kwa taabu, maana wasomaji wangu wa siku zote wanajua kuwa mimi si mwepesi wa kukubali kushindwa.

Nilirudi Pemba baada ya miaka kumi na tisa Ulaya, katika nchi ya baridi na mvua isiyokatika, nilikoanza kwa kuosha vyombo nikamalizia na stashahada ya kilimo cha bustani. Hakunishika mkono mtu. Nyumba niliyoijenga ina vyumba sita, na tangi langu la maji lilikuwa la kwanza mtaani. Watoto walibaki kule na mama yao. Vyumba vitano hufagiliwa tu, havilaliwi. Masika yangu ya kwanza nilisia tungule na mchicha, nikafunika kwa nailoni kama nilivyofundishwa, baridi ya mvua isije ikaidhuru miche. Ilichipua vizuri. Kisha siku moja mvua ikapumzika, jua likatoka kwa hasira, na kufikia adhuhuri miche yote ilikuwa imelala chini. Nimesimama naitazama, nikasikia sauti juu ya ua wa makuti.

"Bwana mtaalamu, hicho chakula ushakitia chumvi?"

"Chakula gani, Bi Mkubwa?"

"Si mchicha huo? Naona waupika ungali ardhini."

Alicheka mpaka ua ukatikisika. Mimi sikucheka. Kesho yake alinipitishia makuti makavu ya kutia kivuli, na fungu la vipando vya matembele. "Inua tuta, maji yapate njia," akasema. "Kuno si Ulaya. Na limbuko langu usilisahau." Kwetu mbegu ya jirani hainunuliwi. Huombwa, au hupewa kama nilivyopewa mimi, na machumo ya kwanza hurudi kwa aliyeitoa, hata yakiwa konzi moja. Hilo halimo katika stashahada yoyote, lakini nilikuwa nalijua tangu utotoni.

Matembele yakashika. Yalipokuwa tayari kuchumwa, uchaguzi nao ukawa umefika, na bendera ya chama ilikuwa juu ya paa lake kama alivyoiacha marehemu mumewe. Bendera hiyo haikuwa ya upande wa wengi hapa kijijini. Walioishi miaka ile hawahitaji kuelezwa: watu waliacha kusalimiana, waliacha kununua duka la fulani, na maiti wengine walizikwa na watu wa kuhesabika. Jioni moja barazani niliuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, iwapo kuna ubaya kumpelekea jirani mboga. Mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Bwana, sisi hatukukatazi. Peleka. Ila siku yako, wakakuzike wao."

Nilicheka nao, nikarudi nyumbani. Mtu mwenye vyumba sita na hana wa kumfumba macho hulitafakari neno kama lile. Asubuhi nilichuma limbuko, nikalipika kwa tui la nazi, nikalila peke yangu. Harufu ilivuka ua, sina shaka. Toka siku hiyo ilikuwa mimi na yeye "Sabalkheri, Bi Mkubwa," "Sabalkheri, bwana," kwa sauti ya chini, na kila mmoja anainamia tuta lake. Hakunicheka tena, ingawa nilimpa sababu nyingi. Mwaka mmoja kabichi zangu zote zilioza. Baadaye wakubwa walipeana mikono, kijiji nacho kikapeana mikono, bendera zikateremshwa. Nikasema nitampelekea fungu. Nikaona haya: limbuko haliji la pili. Masika yakapita, na mengine.

Ijumaa ile tulimzika sote, pande mbili, na yule wa barazani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingiza bega chini ya jeneza. Jumapili nikachuma matembele, fungu kubwa la kipumbavu, nikalipeleka mlangoni kwake. Binti yake alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akaanza kucheka huku analia.

"Ndiyo haya? Mama kila masika akinituma, 'Hebu chungulia uani, matembele ya yule bwana hayajakua tu?'"

Nimeandika katika safu hii mengi ya udongo, mbolea na mvua, na yote ni sahihi, yamepimwa. La leo sikulipima, limenipima lenyewe. Niliogopa nisije nikakosa wa kunizika, nikampoteza wa kunicheka, na huyo ndiye niliyekuwa namhitaji kila siku. Basi ukipewa mbegu, msomaji wangu, limbuko lipeleke asubuhi ileile, baraza zima likikutazama. Mimi matuta yangu yanapendeza mwaka huu. Juu ya ua hakuna mtu.