Kitambaa cha Seva

Nikimkumbuka Nyanchama bado nashikwa na hasira, na sijui niimalizie kwa nani kwanza, Bwana Aron au mimi mwenyewe.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa napika chai na kufagia ofisi katika kiwanda cha majani chai, huku juu ya Merigi. Nyanchama alikuja kutoka Chepilat na cheti cha kompyuta, akapewa kutunza seva. Seva ni ile mashine kubwa iliyoshika hesabu ya kilo za chai za wakulima wote. Kompyuta zingine mbili zilisoma kutoka kwake, kwa hivyo ikizimika ofisi nzima inakaa bure.

Bwana Aron, meneja, alilia kwamba vumbi la chai linaingia kwa mashine. Akaniambia, "Mama Fancy, si ushone kitu?" Nikashona! Kitambaa cha sufu nzito, maua mekundu, na bitana ndani, kinashuka mpaka nyuma kwa meza. Kila aliyeingia alikisifu. Bwana Aron akaagiza kingine cha televisheni yake. Kila Jumanne jioni nilikifua, Jumatano kinashinda kwa kamba, Alhamisi asubuhi nakirudisha.

Basi seva ikaanza kuzimika. Saa tano hivi, pap! Ikikaa nusu saa inawaka, halafu inazimika tena. Fundi akaletwa kutoka Nakuru, mara mbili. Alikunja kitambaa changu vizuri, akaweka kando, akaifungua mashine na kuitazama mchana kutwa. Haikuzimika hata mara moja. Akasema mashine ni nzima, labda anayeitumia ndiye mbovu. Fundi gani huyo!

Jumatatu, wakulima wamejaa dirishani, ikazimika. Bwana Aron akapiga kelele, "Hicho cheti chako ulinunua wapi? Ikiwa bado inazima Ijumaa, urudi kwenu!" Msichana wa watu, analisha mama mgonjwa na ndugu wawili! Nilitaka kummwagia meneja birika lote la chai.

Nyanchama hakulia. Alikuwa na daftari, wiki tatu anaandika siku na saa ya kila kuzimika. Alhamisi akaniita.

"Mama Fancy, Jumatano haijawahi kuzimika. Jumatano huwa kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Mimi nakausha kitambaa tu."

Tukatazamana. Akainua kitambaa, akanishika mkono, akauweka nyuma ya mashine. Woi! Ilikuwa moto kama sufuria. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hiyo nguo nilishona mimi.

Ijumaa seva ilikaa uchi na kufanya kazi mpaka jioni. Nyanchama akamwambia Bwana Aron, "Ilikuwa inakosa hewa, kwa sababu ya kufunikwa." Hakunitazama hata kidogo.

"Kumbe ni wewe ulikuwa unaifunika!" meneja akamwambia Nyanchama.

Hapo nikaweka trei chini kwa kishindo. "Ni mimi! Na ni wewe uliniambia nishone! Chako kiko juu ya televisheni mpaka leo!"

Akakohoa. "Haya, haya, yameisha. Rudini kazini."

"Hayajaisha," Nyanchama akasema. "Jumatatu ulinitukana mbele ya wakulima. Jumatatu inayokuja utaniomba msamaha mbele yao?"

Bwana Aron akacheka. "Mimi? Nikuombe wewe?"

Nyanchama akachukua mkoba na daftari lake, akanikumbatia, akaenda. Mama mgonjwa nyumbani, na bado akaenda. Nililia kwa hasira mpaka nikasahau maziwa jikoni, yakachemka yakamwagika.

Seva haikuzimika tena. Iliwaka kutoka asubuhi mpaka jioni, na hakuna mtu pale ofisini aliyejua kuitumia. Wiki ya pili Bwana Aron alikuja jikoni, sauti imeshuka, akaniuliza kama najua kwao Nyanchama ni wapi hasa kule Chepilat.

Nikamwambia sijui. Najua sana, hata jina la mama yake ninalijua.