Kisu Kilichorudi Kinang'aa

Mwezi uliopita nilirudi kisiwani kwetu, kijiji cha Kanga, kufungua nyumba ya bibi, aliyefariki mwaka jana. Ndani ya sanduku lake, chini ya kanga zilizonukia udi, nilikuta kisu cha kukunja kimeviringishwa kwenye kitambaa. Nilikitambua kabla sijakifunua. Kisu hicho ndicho kilichonifundisha kumshuku mtu.

Utotoni niliamshwa na sauti ya mbuzi ya kukunia nazi na harufu ya vitumbua vya jirani. Mume wake alikuwa baharia wa meli kubwa, na binti yake alikuwa mwenzangu wa kula na kucheza. Bibi alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, alichoachiwa na baba yake, ambaye alikipata Wajerumani walipotawala kisiwa. Kazi yangu ilikuwa kukisafisha. Bibi akikata ndimu, bapa lilipiga weusi, nami nililisugua kwa majivu, kisha nikalipaka mafuta ya nazi.

"Hiki cha kukatia," alizoea kusema, "si cha kubandulia."

Siku moja jirani akakiazima. Akakaa nacho muda mrefu. Kila alipoulizwa, alisema kesho. Alipokirudisha, bibi alikifungua, akakitazama pande zote. Jioni akakata ndimu, akaliacha bapa na majimaji yake mpaka asubuhi. Halikubadilika rangi hata kidogo. Akanishika mkono, tukaenda kwa jirani.

"Mwenzangu, hiki ndicho nilichokupa?"

"Ndicho, dada. Nimekisugua tu."

Bibi akakikunja, tukarudi nyumbani. Lakini tangu siku ile jirani akitoka kwetu, nilitumwa kuangalia kama vijiko vyote vipo. Nikakatazwa kucheza na binti yake. Baharia aliporudi na redio mpya, bibi alisema mbele ya watu kisimani kwamba vitu vya wenyewe vimeuzwa. Nami nikawa mpelelezi. Nilichungulia kwenye upenyo wa ua wao, nikitafuta mpini wa pembe. Mlango ukifungwa, nilijua kinafichwa. Mtu akikohoa, nilijua ni ishara.

Miaka ikapita, nikapata kazi katika hoteli moja Utende. Mgeni mmoja mzee, mkusanyaji wa visu vya kukunja, alinionyesha jinsi ya kusoma kwa lenzi alama zilizogongwa kwenye shina la bapa, pale linapokutana na mpini. Tangu hapo nami nakusanya. Watu huniletea visu kutoka Bwejuu na kwingineko, na karibu kila mmoja huapa kwamba chake ni cha enzi za Wajerumani. Siamini mpaka nisome chuma chenyewe.

Basi nikatoa lenzi, nikakisoma cha bibi, ambaye alijua kusoma herufi za Kiarabu tu. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba kimetengenezwa Ujerumani Magharibi, na kwamba ni chuma kisichoshika kutu. Nchi ya jina hilo ilikuja baada ya vita kuu ya pili. Baba yake bibi asingeweza kukipata kwa watawala waliokwisha kuondoka zamani. Bibi alikuwa amesema kweli: kisu kilibadilishwa.

Nikaenda kwa jirani, moyo umenifura. Nilimkuta barazani, amezeeka, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakiona mkononi mwangu. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kingine.

Mpini wa pembe. Bapa jeusi, lililoliwa na kutu. Kwenye shina, jina la Ujerumani peke yake. Ncha haikuwepo.

"Nilibandulia chaza mwambani," akasema. "Ncha ikakatika. Mume wangu akaninunulia hicho bandarini, kinachofanana. Nikadhani bibi yako hatajua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mwanzo niliona haya. Halafu akaniita mwizi kisimani. Ningemletea hiki, si angesema ndio ushahidi?"

Nikakitazama kwa lenzi, na hata wakati ule nilikuwa natafuta uongo. Mahali pa kukatika palikuwa na kutu ya zamani, ile ile ya bapa zima. Sikupata cha kumkamatia.

"Bibi yako alikufa akiniona mwizi?"

Nilitamani kumdanganya. "Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akakisukuma kile kisu cheusi upande wangu. "Kichukue. Ni chenu."

Nikamuuliza habari za binti yake. Akasema yuko bara, ana watoto wakubwa, haji tena. Nikajaribu kuikumbuka sura yake nikiwa nimekaa pale pale tulipokuwa tukila sahani moja. Haikunijia. Nakumbuka jicho lake moja tu, la upande wa pili wa ua, nalo likinichungulia mimi.