Farao Aliyefutwa, na Chungu cha Ngujini

Niliondoka Same kwa sababu ya simu ya shangazi Namsifu.

"Tangu tumzike baba yako kiti kiko wazi," alisema. "Ukoo umekaa. Tunataka ukishike wewe mpaka mtoto wa marehemu kaka yako akue." Akakata. Shangazi hulionea huruma salio la simu kuliko mtu.

Kiti chenyewe ni cha mtunza msitu wa ukoo kule Ngujini, ambako mafuvu ya wazee wetu yamehifadhiwa vyunguni, pangoni. Tangu nipate akili kimeshikwa na wanaume. Mimi ni mwanamke, mwalimu wa historia, na Jumapili naimba kwaya ya Kilutheri. Sikuelewa wameniona nini.

Ndani ya basi, mashamba ya mkonge yakipita dirishani, niliyapitia masomo yangu ya juma hilo nikazidi kuchanganyikiwa. Nilikuwa nafundisha habari za Hatshepsut wa Misri. Mumewe, mfalme, alifariki, na mrithi alikuwa mtoto mdogo wa mke mwenziwe. Hatshepsut akaombwa amshikie nchi. Akaishika, kisha akavaa taji mwenyewe, na sanamu zake zikachongwa na ndevu za bandia. Alijenga mahekalu. Alituma merikebu nchi ya Punt, zikarudi na miti ya ubani, mizizi yake ikiwa vikapuni. Alipokwisha kufa, jina lake likakwanguliwa kwenye kuta na sanamu zake zikavunjwa.

"Madam, kama alitawala vizuri, kwa nini walimfuta?" mwanafunzi mmoja aliniuliza. Nilimjibu kwamba tutaendelea juma lijalo, jibu la mwalimu yeyote asiyejua.

Kituo cha Kifaru nilishuka nikapanda bodaboda ya kijana aitwaye Juma. Njia ya mlimani ni ndefu, nikamsimulia habari za Farao wangu.

"Mwalimu, Firauni si yule aliyezama baharini?"

"Huyo mwingine. Walikuwa wengi. Huyu alikuwa mwanamke."

"Mwanamke! Na wanaume walikuwa wapi?"

"Walikuwepo. Wakimwinamia."

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Nikamwomba acheke tukishafika.

Ngujini tulifika ukungu ukiwa umeshashuka migombani. Shangazi alikuwa jikoni anakoroga makande.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama mwalimu. Karibu moto."

Tangu utoto wangu hajawahi kuniita kwa jina. Nilidhani ni mazoea yake tu, ingawa mama aliwahi kuniambia kwamba siku ya ubatizo wangu wazee waligombana na baba juu ya jina hilo. Sababu hakunitajia.

"Shangazi, na mtoto akishakua?"

"Utampisha."

"Na nikifa nitatajwa pangoni kama waliotangulia?"

Aliutazama mwiko wake. "Kula kwanza."

Asubuhi tulikwenda msituni, mimi, shangazi na baba mdogo Elisante, aliyebeba kibuyu cha dengelua, pombe ile ya miwa. Pangoni vyungu vilikuwa vimepangwa safu moja, midomo imeelekea nje. Kimoja tu kilikuwa pembeni, kimegeuziwa ukutani.

"Huyu nani?" nikauliza.

Baba mdogo akakohoa. "Dada wa babu yako. Alikishika kiti babu yako akiwa mtoto. Babu alipokua, dada akakataa kumpisha."

"Aliharibu nini?"

"Hakuharibu. Wakati wake ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia, zilijaa maji, mashamba hayakukosa. Lakini alikatalia kitini."

"Anaitwa nani?"

"Hatajwi."

Farao wa Misri na huyu wa ukoo wangu wakachanganyikana, na mimi katikati yao, sijui kama nimeitwa kupewa kiti au kuonyeshwa mahali nitakapogeuziwa ukutani. Niliogopa, na zaidi ya woga nilikasirika.

Baba mdogo akanipa kibuyu. Yeye alitaja jina, mimi nikalirudia na kumimina kidogo mbele ya chungu, kimoja baada ya kingine. Mbele ya kile cha pembeni alinionyesha kwa kidevu nipite. Sikuweza. Nilimimina. Nikatafuta jina lolote la kike nisimwache hivihivi, na kwa kuchanganyikiwa nikataja la kwangu.

"Nakijwa."

Shangazi akashika ukuta wa pango.

"Nani amekutajia?" baba mdogo akauliza.

"Kunitajia nini? Si jina langu?"

Shangazi alikuwa analia. Akapiga magoti, akakikumbatia kile chungu kwa mikono miwili na kukigeuza kikatazama nje kama vingine.

"Nakijwa," akaita. Hata leo sijui aliita nani kati yetu. Niliitika.

Baba mdogo aliangalia chini, kisha akanisukumia kile kiti cha baba, cha miguu mitatu. Nikakaa.

Nilirudi Same nikiwa na maswali mengi kuliko niliyoondoka nayo. Sijui nitampisha vipi huyo mtoto, wala mchungaji wangu nitamwambia nini. Darasani yule mwanafunzi aliuliza tena kwa nini walimfuta, nikakiri mbele ya wote kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba baba yangu alikatazwa kulitaja jina la dada wa babu pangoni, basi akarudi nyumbani akanipa mimi, na kila siku ya maisha yake akaliita uani, kwa sauti kubwa.