Siku Tatu Pangoni

Daktari kijana pale mjini Moshi aliinua picha ya mguu wangu kwenye mwanga, akaniuliza, "Mzee, huu mfupa ulivunjika lini?" Nikamwambia ni zamani, pengine hata baba yake alikuwa bado anachunga mbuzi. Akacheka, akaniandikia dawa ya magoti. Nikapanda basi la kurudi Marangu, na njia nzima sikuwaza magoti. Niliwaza chumba kimoja, kitanda kimoja cha kamba, na masika ya mwaka ule ambayo nilidhani hayatakwisha.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoanguka kutoka kwenye mparachichi wa nyuma ya nyumba. Maparachichi yaliyoiva yalikuwa tele chini, lakini mimi nilitaka lile la juu kabisa. Hospitalini walinifunga plasta kutoka pajani hadi vidoleni, wakamwambia bibi nisikanyage chini mpaka waseme wao. Baba alikuwa mpagazi wa kupandisha wageni mlimani, mama alishinda shambani na sokoni, hivyo mlinzi wangu akawa bibi.

Rafiki yangu, kama hujawahi kulala chini ya bati siku arobaini za mvua, siwezi kukueleza vizuri. Mvua ya kwetu haikatiki ili upumzike. Inapiga bati, inapiga migomba, mfereji unafurika na kunguruma, na ukungu unashuka mpaka dirishani kama mtu anayechungulia. Mbuzi wa bibi walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikawasikia wakitafuna mchana kutwa. Moshi wa jikoni uliniwasha macho. Ndani ya plasta mguu uliwasha mahali ambapo hata bua la ulezi halikufika. Bibi aliniletea mtori wa ndizi kwenye bakuli la bati, akinikuta nalia ananiambia, "Shukuru. Wengine wamevunjika shingo." Nilishukuru, lakini kwa mdomo tu.

Ndipo nikabuni mchezo. Nilimwomba bibi ungo wake mbovu, nikatandaza majivu, nikachora mlima kwa kidole: msitu, nyika, mapango, theluji. Mimi nilikuwa Mangi wa Mlima, yaani mtawala wake, na nilisimulia yanayowapata wasafiri kwa kutumia hadithi za baba. Msafiri husema atakalofanya, kisha mimi hurusha punje tano za buni. Buni ina tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Matumbo matatu au zaidi yakitazama juu, umefanikiwa. Yakipungua, umeshindwa. Migongo yote mitano ikitazama juu, umekufa. Na nilitamka sheria moja kubwa, tena kwa sauti ya mchungaji: hakuna anayekufa bila buni kurushwa.

Wasafiri walikuwa wawili. Mdogo wangu wa kike, kwenye ungo, alikuwa punje ya hindi. Mwingine alikuwa mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu wa kihamba cha chini, yaani shamba la migomba lililo chini ya letu, naye alikuwa kifungo cheusi cha koti.

Mtoto wa fundi! Mungu ampumzishe. Sijaona mbishi kama yule.

"Umekutana na nyati," nasema.

"Upepo unatoka wapi?"

"Upepo gani?"

"Kama unatoka kwake kuja kwangu, hajaninusa. Napita."

Siku nyingine nikamwambia amefika kwenye korongo na hana kamba. Akasema kamba anayo, ameibeba tangu jana. Nikasema hakutaja kamba jana. "Nilitaja," akajibu, "kimoyomoyo." Mdogo wangu akacheka mpaka akamwaga majivu. Na nilipomwambia kwamba neno la Mangi ndilo la mwisho, alisimama katikati ya chumba kama mwenyekiti wa mtaa. "Umangi ulishafutwa na serikali! Na huu mlima, kuanzia leo, umetaifishwa."

Ningekuwa na miguu miwili ningeondoka, au ningemtoa nje kwa nguvu. Lakini nilikuwa nimefungwa pale kitandani, na yeye alilijua hilo. Bila yeye hapakuwa na mchezo, kwa sababu mdogo wangu akiwa peke yake alitaka kila siku kupika chai mlimani na kulala. Silaha yangu ilikuwa moja tu, kupiga kelele, "Toka! Usirudi!"

Naye alikuwa na dawa ya hiyo. Alitoka, akarudi akidondoka maji, mkononi ana jani la sale alilolichuma kwenye ua wetu. Kwetu, aliyekukosea akikuletea sale, mambo yameisha. Hata angekuwa amekuchomea nyumba, unapokea na kusamehe. Wazee wamepatanisha koo nzima kwa jani hilo. Siku ya kwanza nilimtazama bibi nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka chini kibuyu cha maziwa, akasema, "Pokea." Nikapokea. Kesho yake ubishi, kelele, sale. Keshokutwa vivyo hivyo. Majani yakajaa chini ya mto wangu. Plasta ilinishika mguu, sale likanishika moyo, na mvua haikuacha.

Ikafika siku kifungo cheusi kilipojificha kwenye pango kukimbia theluji. Asubuhi ile mguu ulikuwa umeniuma, na yeye alikuwa amekwisha kunibishia mara nne. Nikasema, "Jiwe limeanguka, limefunga mlango wa pango. Hutoki tena. Basi."

"Rusha buni."

"Sirushi."

"Sheria ni yako mwenyewe. Hakuna anayekufa bila buni."

"Toka!"

Akatoka. Akarudi amelowa, na sale mkononi. Tazama sasa, rafiki yangu: safari hiyo kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, na bado sale alileta yeye. Labda hilo ndilo lililonichoma. Nililichukua, nikalichana katikati, nikalitupa kwenye majivu.

Mdogo wangu akaziba mdomo. Mtoto wa fundi akavitazama vile vipande viwili. Akaondoka. Nilipoinua macho, bibi alikuwa mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Bibi, alikuwa ananitania kila siku!"

"Alikutania wewe. Wewe umetania nini?"

Jioni ile tuliposali nilifika kwenye maneno ya kusamehe, nikayaruka, na bibi alisikia nilivyoyaruka. Hakunikemea. Kesho yake nikamwomba apeleke sale kwa fundi kwa niaba yangu. "Ulichana kwa mikono yako," akasema, "usitake kupatana kwa miguu yangu." Naye alijua fika kwamba mimi miguu sina.

Siku tatu. Ungo ulikaa pembeni ya kitanda, kifungo kikiwa palepale pangoni. Sikuthubutu kukigusa. Mdogo wangu alikwenda kukata majani ya ng'ombe na mama. Nilihesabu misumari ya bati, nikaanza upya. Nilijaribu kusali, nikaona sina pa kuanzia.

Siku ya tatu mchana nikasikia mlangoni, "Shikamoo, bibi." Akaingia, hakukaa.

"Sijaja kucheza," akasema. "Nimekuja kuuliza. Niko hai au nimekufa?"

Nikautazama ungo.

"Hukurusha buni. Siku tatu nimo mle ndani. Kamba yangu nimeshaila."

"Nisamehe," nikasema. Sikuwa na jani, nilikuwa na neno hilo tu, na lilinitoka kwa taabu.

"Nimesikia. Rusha."

Nikarusha. Migongo yote mitano ikatazama juu. Mkono wangu ukaenda haraka kuzizoa. "Umepona," nikasema.

Akanishika mkono. "Nimeona. Ni migongo."

"Nataka upone. Mimi ndiye Mangi."

Akaniangalia kwa huzuni ambayo sijaisahau. "Kwa hiyo hata siku zile nilizopona, ulikuwa unanidanganya?"

Nikafungua kiganja. Akakichukua kifungo chake, akakifuta majivu kwa pindo la shati, akakitia mfukoni. Nikajua nimempoteza. Lakini akakaa ukingoni mwa kitanda, akasogeza ungo karibu, akasema, "Haya. Huko juu watu wanazikwaje?" Mazishi yale yalituchukua mpaka jioni, na alibishana kuhusu kila wimbo.

Mvua ziliisha, plasta ikakatwa, msimu wa kuchuma kahawa ukatukuta tunakimbia. Hatukuucheza tena mchezo ule. Yeye alikuja kufanya biashara Tarakea, na Bwana amemwita miaka mingi sasa. Mimi nimekuwa mzee wa usharika, nimesuluhisha mipaka na ndoa, na namshukuru Mungu sijachana sale tena. Siku hizi masale ni haba, watu wanajenga kuta za tofali.

Likizo iliyopita niliwatandazia wajukuu majivu kwenye ungo, nikawaeleza sheria zote. Nikasema nyati anakuja, wakakimbia. Nikasema jiwe limefunga pango, hamtoki tena. Kisha nikashika buni mkononi, nikisubiri mmoja aniambie nirushe.

"Sawa, babu," wakasema.

Tulimaliza kabla chai haijachemka.