Ukurasa wa Watu Wanaochosha

Mlango uligongwa mara tatu, kikafuata kikohozi, kisha "Hodi, Mama Valentine." Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na mzee Wekulo, baba mkwe wa Nabwire, yaani huyo Mama Valentine, alikuwa amekuja kushinda hapo tena.

Kwa Wabukusu, baba mkwe halali nyumba moja na mke wa mwanawe, hata nyumba iwe na vyumba kumi. Ya Nabwire, huku Gatina, mtaani Kawangware, ina kimoja na pazia. Kwa hiyo Boaz, mumewe, alimwombea mzee kitanda kwa Austine, jirani anayelinda lango la watu usiku. Alfajiri Austine akitoka kazini anakitaka kitanda chake, na mzee anakuja kwa mkamwana. Boaz wakati huo ameshakwenda kibarua cha mjengo. Mila imetunzwa vizuri sana. Anayebaki nayo kutwa nzima ni Nabwire.

Mzee alitoka Bungoma wiki saba zilizopita, kuja kupasuliwa mtoto wa jicho. La kushoto lilishakufa. La kulia ndilo hilo linalongoja. Tarehe imesogezwa mara tatu, na sasa wameambiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalomuudhi Nabwire zaidi, maana angekuwa mbaya angalau angepata wa kumlaumu. Ila haoni saa iliyo ukutani, kwa hiyo anauliza. "Mama Valentine, saa ngapi?" Anauliza Nabwire akiosha vyombo, anauliza Nabwire akiwa nyuma ya pazia anavaa. Na mkamwana hampandishii baba mkwe sauti. Anajibu, anatabasamu, anajibu tena.

Alasiri Nabwire hufundisha tuisheni: watoto sita wa gredi ya nane wamebanana mezani, mzee kwenye kochi. Jumanne hiyo kitabu kiliwafikisha kwenye ukurasa wa misemo ya Kiingereza kuhusu watu wanaochosha wenzao. Nabwire, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameulizwa saa mpaka ulimi ukawa mzito, hakuitaka mifano ya kitabu. Alitunga yake, kwa Kiingereza, polepole na kwa raha. Mgeni wangu ananipandisha ukutani. Mgeni wangu ni maumivu ya shingo. Mgeni wangu amekaa mpaka makaribisho yamechakaa. Mzee aliachia shule darasa la pili; aliketi amekunja mikono, akiitikia kwa kichwa kwa heshima ya elimu.

"Teacher, sijashika," Adhis akasema, msichana asiyekubali kupitwa. "Anakupandisha ukuta aje?"

Walimu wa Kawangware wana tabia moja: mtoto asiposhika Kiingereza, wanamshukia kwa Kiswahili. Nabwire alikuwa amechoka, na mdomo ukaenda wenyewe. "Si kupanda kweli, Adhis. Ni mtu anakuchokesha mpaka unaskia kupanda ukuta uhepe. Tuseme uko na mgeni kwa nyumba, kila dakika anakuuliza saa ngapi, saa ngapi, na huwezi mwambia aende..."

Akageukia kochi: Kiswahili mzee anakielewa. Watoto wakainamia vitabu vyao. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka.

"Mwalimu," mzee akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Hao Waingereza, yule anayechosha wenzake, naye wamempa la kusema?"

Nabwire alipitisha kidole kwenye ukurasa, juu hadi chini. Misemo ilijaa ya kumsema mtu. Ya mtu huyo mwenyewe, hata mmoja haukuwepo.

"Hawajampa, baba."

"Basi." Mzee akainama, akapapasa chini ya kochi mpaka akapata mkoba wake. Kesho atapanda gari, alisema. Nyumbani kwake anapajua kwa miguu, macho si lazima.

Nabwire aliwaambia watoto waende. Angeweza kusema ulikuwa mfano tu; mzee angekubali kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo angekwenda kuwa kipofu. Aliketi sakafuni, chini yake, kama inavyompasa mkamwana, halafu akasema lisilompasa.

"Baba, nilikuwa nakusema wewe. Nimekuchoka."

Mzee hakukasirika. Mabega yalimshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Hata mimi nimejichoka, mama. Nimechoka kuuliza. Nimechoka kubisha kwa mwanangu kama muuza maziwa."

"Ukienda kesho na jicho hilo, nitalibeba mimi mpaka nizeeke. Heri nikuchoke mpaka Alhamisi."

Mkoba mapajani, mzee aliuvuta uzi uliokuwa umetoka kwenye mkanda wake.

"Alhamisi ni mbali," akasema mwishowe.

"Ni mbali sana, baba," Nabwire akasema, akautoa mkoba mapajani mwake na kuurudisha chini ya kochi.