Ua Lisilo Kitabuni

Nilianza kupiga picha maua ya porini kwa hasira. Ninafundisha baiolojia sekondari hapa Sumbawanga, na siku moja mwanafunzi mmoja aliniletea ua la zambarau alilolichuma njiani, akauliza linaitwaje. Nikamjibu kwamba ni okidi ya aina fulani. Darasa zima likacheka. Aina fulani! Mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Ufipa, anajibu kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Nilirudi nyumbani nimenuna, na Jumamosi yake nikapanda bodaboda hadi kupita kijiji cha Pito, nikaanza kuzunguka vilimani na simu yangu.

Vitabu ninavyo viwili. Kimoja ni cha michoro, hakina jalada, nilipewa na padri aliyekuwa anahama parokia. Kingine kina picha za rangi, nilikiagiza Dar es Salaam, na bei yake mume wangu haijui mpaka leo. Vyote viwili vina ukali wa mkaguzi wa shule. Havikuambii hili ni ua gani, vinakuuliza wewe. Mdomo wa ua, ile petali ya chini, umechanika mara ngapi? Ule mkia mwembamba wa nyuma una urefu gani? Majani yanapanda na shina au yamelala chini kwenye udongo? Na mimi nilikuwa nimelipiga picha ua usoni tu, kama bibi harusi. Miezi ya kwanza picha zangu zote zilikuwa takataka. Ilibidi nijifunze kupiga nyuma na ubavuni, kuweka rula pembeni, kulala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande huku wachungaji wa Kisukuma wakinipita na ng'ombe wao na kuniuliza kama naumwa.

Mwaka jana, mvua zikiwa bado nzito, nililipata moja ambalo vitabu vyote viwili vililishindwa. Lilikuwa kwenye kibonde chenye majimaji kati ya vilima viwili, jeupe lenye kuelekea kijani, mdomo umechanikachanika kama pindo la kitenge kilichochakaa. Yalikuwa mashina thelathini na nane, nami niliyahesabu mara mbili. Kila nilipofuata maswali ya kitabu nilifika mahali nikagonga ukuta: mkia mrefu mno kwa hili, majani mapana mno kwa lile. Nikamtumia picha mtaalamu mmoja wa mimea, mwalimu wa chuo kikuu. Alinijibu siku hiyohiyo. Aliandika kwamba hajawahi kuliona, huenda halijapewa jina na mtu yeyote, kwamba atakuja mwenyewe msimu unaofuata, na kwamba hadi siku hiyo nisilichume na nisimwonyeshe mtu mahali lilipo. Nilijiona nimeshakuwa mtu.

Katazo lake lilikuwa na sababu. Okidi hizi zina viazi chini, na viazi hivyo huliwa. Wachuuzi huja kuvinunua kwa magunia na kuvipeleka Zambia, ambako wanaviita chikanda. Kwetu pia wapo akina mama wanaochimba, na mmoja wao ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la tatu. Sare zangu, madaftari, nauli ya kwenda bweni, vyote vilitoka kwenye jembe lake dogo. Kwa hiyo naomba mtu asiniletee maneno ya wachimbaji wabaya wanaoharibu mazingira. Mimi ni zao la uchimbaji huo.

Shida ilianza pale mtaalamu aliponiuliza kama jani la chini ni la mmea uleule au la mwingine uliosimama jirani. Sikujua. Nikamwendea shangazi na simu yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na njaa au umekuja na mambo yako ya maua?"

Nikamwonyesha picha. Aliigeuza simu huku na huku, akaikodolea macho, akanirudishia. Alisema ua hajawahi kuliangalia sana, ua ni la nyuki, yeye anajua majani, na majani hayaonekani kwenye kioo cha simu. Akasema nimpeleke akaone. Nami nikampeleka. Nilikumbuka katazo, sitadanganya, lakini katika hesabu zangu "mtu" alikuwa mchuuzi au mpita njia. Shangazi yangu hakuwa mtu kwa maana hiyo. Na niseme ukweli wote: nilitaka anione. Nilitaka aone kwamba yale madaftari yamezaa kitu.

Alifika, akainama, akashika jani kwa vidole viwili, akasema bila kusita kwamba ni la mmea uleule. Sekunde moja. Mimi na vitabu vyangu tulikuwa tumeshindana na jani hilo wiki tatu. Akatazama kibonde chote taratibu, akanipiga bega, akasema, "Asante mwanangu." Nikadhani ananishukuru kwa matembezi.

Baada ya Pasaka nilirudi kibondeni kupiga picha za mbegu. Sikukuta shina hata moja limesimama. Yalilala yamenyauka, mbegu bado mbichi, na kila pahali palipokuwa na ua udongo ulikuwa umefukuliwa, kisha ukafunikwa tena kwa bonge la nyasi na kukandamizwa kwa kisigino. Nilipiga magoti nikazunguka kutoka shimo moja hadi jingine nikitafuta hata moja lililosahaulika. Halikuwepo. Wachimbaji wanaotumwa na wachuuzi huacha mashimo wazi. Mmoja tu ndiye niliyewahi kumwona akifunika hivi, kwa kisigino cha kulia, na nilimwona utoto wangu mzima. Nililia kwa sauti pale nyikani, mtu mzima, na nilikuwa na hasira hadi meno yaliniuma.

Nilikwenda kwake moja kwa moja, matope magotini. Kabla sijafungua mdomo alifurahi kuniona, akasema angetuma mtu aniite. Akaleta sahani. Alikuwa amekausha viazi, akavitwanga, akavipika na karanga, pilipili na magadi mpaka vikashikana, akavikata vipande vinene kama nyama.

"Fungu lako," alisema. "Si ndiwe uliyenionyesha?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona haya kuliko nilivyoona hasira. Kwetu mtu haonyeshi mahali pake pa uyoga hivihivi. Ukimpeleka mwenzako ukamwonyesha, umempa, naye akivuna anakuletea wewe kwanza. Nalijua jambo hilo tangu sijaanza shule. Ila nilipoingia kwenye vitabu nilisahau kwamba na maua yana viazi. Yeye hakuniibia chochote. Alipokea zawadi, na sasa alikuwa anarudisha fadhila.

Nikala kipande kimoja. Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe.

Nikamweleza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba yule mtaalamu alikuwa aje, kwamba lile ua huenda haliko kwingine. Alisikiliza, akanishika mkono. "Usihuzunike. Sikumaliza," alisema. "Kila shina lina viazi viwili, kigumu na kilaini. Nilichukua kigumu, kile kilaini nikakirudisha udongoni kama bibi yako alivyonifundisha. Ndicho mama. Mwakani kitaota."

Ningeweza kunyamaza. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ile. Lakini mimi ni mwalimu, na mdomo wa mwalimu hauna kufuli. Nikamwambia kwamba kile kilaini ni cha mwaka uliopita, kimeshalisha shina kikaisha, kinaoza. Kile kigumu ndicho kilichokuwa kimebeba mwaka unaokuja.

"Nani kasema?"

"Vitabu vyote viwili, shangazi."

Hakubisha. Ningefurahi kama angebisha, angenitukana hata. Alikaa akitazama mikono yake, na niliona anarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mlima hadi mlima, shimo hadi shimo.

"Kumbe," alisema mwishowe, "ndiyo maana kila mwaka tulikuwa tunakwenda mbali zaidi."

Akaifunika sahani kwa nyingine, akaniuliza kama nimepata usafiri wa kurudi mjini.