Diski Niliyoifunga kwa Kitenge

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyokaa katika studio ya redio pale Kitshanga, diski ya ordinateri, yaani kompyuta, ikiwa mapajani mwangu, nimeifunga kwa kitenge, na mkubwa wangu wa kazi amesimama mbele yangu akitaka niirudishe. Sikuirudisha. Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kuweka kiini kipya cha mfumo kwenye mashine za kituo cha afya kesho asubuhi bila kukijaribu, kwa kuwa eti una uhakika nacho. Uhakika hata mimi nilikuwa nao, tena mwingi kuliko wako. Kaa basi, chai ipo.

Ilikuwa miaka ya vita. Radi iliipiga redio yetu ikaunguza ordinateri, diski peke yake ikapona. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akiisimamia redio ile, akaleta mashine nyingine kutoka Goma. Ilipofika tukakuta kiini cha mfumo wetu, yaani ile programu inayotangulia kuamka na kusemezana na vifaa, hakiijui kabisa. Ilibidi nijenge kipya. Kazi hiyo niliiweza, kwa mashine ndogo ya kuazima ambayo diski yetu haikuingia, na sioni haya kusema kwamba pale Kitshanga hakukuwa na mwingine aliyeiweza.

Lakini ndani ya diski ile kulikuwa na sauti. Watoto waliopotezana na wazazi wao njiani walikuwa wamekusanywa Mubi, upande wa Walikale, na dereva mmoja wa pikipiki alituletea sauti zao, kila mtoto akitaja jina lake na mahali alipo. Tulizihamishia kwenye diski, kinasa sauti kikarudi kwa mwenyewe, kisha njia ya Walikale ikafungwa. Nakala nyingine haikuwepo. Na kila asubuhi Mama Bahati alishuka kutoka kambini, akakaa kwenye benchi letu la mlangoni, akauliza neno lile lile: "Sauti za batoto ba Mubi bado?" Alimpoteza mwanawe walipokimbia vijiji vya juu ya Rubaya. Nilikuwa nashindwa kumwangalia usoni.

"Weka tu iyo programe ya mupya kwa diski, dada Neema," Papa Kambale akaniambia siku ile. "Bantu beko banangojea. Na jua ya kujaza betri njo hii ya leo, kesho ni mvua."

"Papa, samahani. Kama iko mubaya, itaandika ovyo kwa diski, na bale batoto batapotea mara ya pili."

"Si ulisema unajua kazi?"

"Ninajua, Papa. Njo maana siiweke."

Hapo ndipo nilipochomoa diski nikaifunga kitenge.

Sisi tulioishi pande hizi za Masisi wakati ule, kila nyumba ilikuwa na kifurushi chake karibu na mlango. Risasi zikilia, unashika hicho na mtoto, basi. Ndani kuna sufuria ndogo, kiberiti, chumvi, nguo ya kujifunika. Hakikuwa cha kuishi nacho, kilikuwa cha kufika nacho. Nami nikakifungia kiini changu kifurushi cha namna hiyo: diski ndogo ya kuanzia, ambayo haikai kwenye chuma chochote bali ndani ya kumbukumbu ya mashine, na mashine ikizimwa inatoweka. Humo huweki madirisha wala picha wala mambo ya redio. Unatia programu moja ya kwanza, kiini kikiita iitike, na vyombo vichache vya kukagulia vifaa. Vyote vikakaa kwenye flashi moja, na hata kiini kikifa, hakifi na mali ya mtu.

Nikawasha. Kikafa. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inategemea nyingine za mfumo wa zamani, nami kwa kupenda kifurushi chepesi nilikuwa nimeziacha. Nimebeba sufuria, nimesahau kiberiti! Papa Kambale akacheka sana, na mimi nikakasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaijenga upya programu ile ikiwa imebeba ndani yake kila inachohitaji, nikawasha tena. Skrini ikaandika neno nililolitia mwenyewe: Nimefika.

"Sasa leta diski," akasema.

Nikamwambia bado. Nilichomeka kwanza diski kuukuu isiyo na kitu cha maana, nikakiagiza kiini kiandike humo wimbo wa kwaya kisha kiusome. Wimbo ulitoka vipande vipande, sehemu nyingine haikutoka kabisa. Kiini nilichokuwa na uhakika nacho kilikuwa kimeandika ovyo. Papa Kambale akaketi, akakitazama kitenge mapajani mwangu. Na mimi niliogopa, mwanangu, woga ule unaokuja hatari ikishapita.

Kosa nililipata kwenye sehemu ya kuendesha diski, na lilikuwa langu. Nikajenga tena, nikajaribu tena katika kile kifurushi, mpaka kwaya ikaimba bila kukwama. Ndipo nikafungua kitenge.

Mashine ilipoamka, Papa Kambale mwenyewe alikwenda kumwita Mama Bahati. Sauti zikapita, mtoto mmoja mmoja. Kisha tukasikia: "Miye Bahati, wa kule juu ya Rubaya. Niko Mubi, kwa Papa mwenye kuuzisha mafuta. Mama, niko muzima."

"Rudisha," Mama akasema. Tukarudisha. "Rudisha tena." Tulirudisha mpaka betri zikaisha, na Papa Kambale, ambaye kwa kawaida hapotezi moto wa betri bure, hakunung'unika hata kidogo.

Basi jiamini, mwanangu, mimi mwenyewe sijawahi kuacha. Ila kila kiini kipya kiamshie kwanza mahali pasipo na kitu cha mtu. Tia humo kidogo, lakini kidogo kinachojitosheleza. Na mkubwa akikuharakisha, mheshimu, mwite Papa, lakini diski usimpe. Mungu aliyetufikisha sisi akutulize mikono, na kila ulichokabidhiwa kifike kizima kwa mwenyewe. Sasa nenda kazichomoe diski za kituo cha afya kabla hujagusa kitu. Kitenge hiki hapa.